Corolla ya Amissi

Tajudini alikuwa na garaji Buyenzi, mtaa mmoja wa mji wa Buja, avenue ya kumi na nne, na wateja wake walimwita Profeseri. Shule aliiacha darasa la sita. Jina hilo alilipata kwa sababu mtu akimletea Toyota, hata ya kubadilisha plagi tu, hakuondoka bila kusimuliwa habari za watu walioianzisha. Habari zenyewe alizitoa katika kijitabu cha Kifaransa alichopewa kabla ya vita na nyumba moja ya biashara iliyokuwa ikiuza magari mapya mjini. Nyumba ile ilifungwa, kijitabu kikabaki, grisi imeingia hadi kwenye picha za Wajapani.

Asubuhi ile ya mwezi wa tano, mwaka 2004, wateja wawili walikuwa chini ya bati la garaji. Callixte, dereva wa teksi, alikuwa anangojea breki zake. Libère, mtu wa wizara aliyekaa Kiriri, alikuwa ameleta Carina yake na kusimama mbali kidogo ili suruali isichafuke.

"Huyu mzee Toyoda hakuwa mutu wa magari," Tajudini alikuwa anasema, mikono yake imezama ndani ya gurudumu. "Alikuwa mutu wa mashine za kufuma nguo. Alitengeneza mashine, uzi moja ukikatika inasimama yenyewe. Waingereza wakanunua ile akili yake. Mutoto wake ndiye alileta mambo ya magari."

"Na jina?" aliuliza Callixte, ingawa alikuwa ameshasikia mara kumi.

"Jina ya familia ni Toyoda. Walibadilisha ikawa Toyota, sababu kwa maandishi yao ile inaandikwa na mistari minane, na nane kwao ni bahati."

Libère alicheka. "Bahati gani? Gari inapendwa na serikali, inapendwa na waasi, inapendwa na wezi. Mi nikilala naota wananichukulia Carina."

"Basi nunua Peugeot," Callixte akamwambia. "Peugeot unakaa vizuri kama mu kitanda. Lakini kitanda hakijawahi kumufikisha mutu Rumonge."

Walicheka wote. Kisha Tajudini akawapa ile habari aliyoipenda kuliko zote: kwamba mwaka 1950 kiwanda kile kilikuwa karibu kufa, wafanyakazi wanafukuzwa, mwenyewe mkubwa akajiuzulu; halafu vita vikazuka Korea, kwa jirani, Wamarekani wakaagiza malori kwa maelfu, na kiwanda kikapona.

"Kumbe vita ya wenzao ndiyo iliwaponyesha," alisema Libère. Alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilimganda usoni. "Na hii yetu, mwaka wa kumi na moja sasa, imeponyesha nani?"

Wakati huo Corolla ya kijani kibichi ilikuwa inaingia garajini kinyumenyume, ikiendeshwa na mwanamke. Aliteremka akijifunga kitenge vizuri. Jina lake Dative, mfanyabiashara wa Gasenyi, ambaye kila wiki alivuka mpaka wa Gatumba kwenda Uvira na kurudi na vitenge vya kuuza sokoni.

"Fundi, maji inaingia mu buti," alisema baada ya salamu. "Kitu kingine sina cha kulalamikia. Jana hapo Gatumba maji ilikuwa imefika hapa," akagusa goti lake, "na haikuzima. Ile Peugeot ya marehemu bwana wangu ilikuwa inazima ikiona wingu. Lakini vitenge vyangu vinalowa."

"Tutaona, mama. Maji nayo ina njia yake."

Tajudini alifungua buti, akatoa gurudumu la akiba, akakunja kapeti. Chini yake palikuwa na rangi ya kijani iliyopakwa kwa haraka, imevimba na kubanduka. Akachukua bisibisi akwangue aone kutu imeanzia wapi. Kijani kikatoka. Chini ya kijani kukatokea nyeupe. Nyeupe nayo ikabanduka kipande kikubwa kama kiganja, na hapo, katika bati zito ambalo halikuwa bati la gari, zikatokea herufi nyeusi: ONGE.

Bisibisi ilimtoka mkononi.

Hakuhitaji kukwangua zaidi. Alijua kwamba upande wa kushoto, chini ya rangi, kulikuwa na M, na kwamba bati lile lilikuwa kipande cha kibao cha barabarani kilichoandikwa RUMONGE, ambacho lori lilikigonga mwaka 1992 njia ya kusini. Alijua kwa sababu yeye mwenyewe ndiye alikikata na kukichomelea pale, siku maji ya chumvi ya ndagala, dagaa wa ziwani, yalipokuwa yameitoboa buti ya rafiki yake. Rafiki huyo alikuwa amecheka hadi machozi: "Mi niko Buja, buti yangu imeshafika Rumonge!"

Rafiki huyo alikuwa Amissi. Na Amissi alikuwa amekufa.

Ndivyo walivyojua wote. Mwezi wa tatu mwaka 1995, wiki ile Bwiza na Buyenzi zilipowaka moto na watu wakakimbia na magodoro vichwani, Amissi alitoka alfajiri na Corolla yake nyeupe kwenda kutafuta abiria, asirudi. Tajudini alimtafuta siku arobaini. Alikwenda hospitali, alikwenda vyumba vya maiti, akafunika pua na kufunua mashuka asiyopaswa mtu kuyafunua. Gari halikuonekana, mwili haukuonekana. Mwisho wakasoma hitima bila kaburi.

Amissi aliacha mke, Saliha, na binti wa mwaka mmoja na nusu, Assia. Tajudini aliwapelekea unga na mafuta kwa sababu ndivyo rafiki anavyofanya. Miaka ikapita. Shehe Idi akahesabu minne ya kungojea mtu aliyepotea, akaongeza eda ya mjane, akasema Saliha yuko huru. Mwanzoni mwa mwaka 2000 Tajudini alimwoa. Sasa walikuwa na mtoto wao pia, Ilias, wa miaka mitatu, na Assia alimwita Tajudini baba, kwa kuwa baba mwingine hakumkumbuka.

Yote hayo yalimpita Tajudini kichwani akiwa ameinama juu ya buti. Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa moja tu: gari hili limetoka mikononi mwa waliomuua.

"Mama," alisema, akajaribu kuishika sauti yake. "Hii gari ulinunua kwa nani?"

"Uvira."

"Nani, Uvira?"

Dative alishtuka kwa ukali ule. Callixte naye aliacha kutafuna kijiti chake. "Mutu mumoja tu, fundi, mutu mupole. Nina makaratasi yote. Macho yake inaharibika, haweze tena kuendesha. Kwani iko nini?"

"Alikwambia jina lake?"

"Kule wanamwita Dereva tu." Dative alimtazama, halafu akaongeza. "Yeye ndiye alinituma kwako. Alisema: ikikusumbua ukiwa Buja, usiipeleke popote, ipeleke Buyenzi avenue ya kumi na nne, kwa Tajudini. Alisema hakuna mutu anaijua ile gari kukushinda. Mi nikajua munafahamiana."

Tajudini alikaa chini. Hakuchagua mahali, alikaa pale pale kwenye mafuta, mgongo kwenye bampa. Alisikia Callixte akiita mtu alete maji. Alisikia Libère akiuliza kama ni malaria.

"Mkono wake," alisema hatimaye. "Mkono wa kushoto."

"Kidole kidogo hakipo," alisema Dative. "Ego, ndiyo. Kimekatika hapa." Akaonyesha.

Kidole hicho kilikatwa na feni ya injini mbele ya macho ya Tajudini, walipokuwa vijana wa miaka ishirini. Ni yeye aliyekifunga kwa kitambaa.

*

Siku hiyo hakufanya kazi tena. Alimwambia Dative gari litalala garajini, na kwamba kesho atamvusha yeye mwenyewe hadi Uvira, bure. Dative hakuelewa, lakini aliuona uso wa mwanamume yule akakubali.

Nyumbani Saliha alikuwa amepika ndagala na ugali wa muhogo. Tajudini alikaa mezani akamtazama akimwosha Ilias mikono. Alimtazama Assia, ambaye alikuwa na paji la uso la Amissi na masikio ya Amissi, mambo aliyoyajua siku zote na ambayo siku zote yalimfariji. Jioni hiyo yalimtisha.

"Baba Ilias, huli?" Saliha aliuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba wapi?"

Akasema tu kwamba kesho anakwenda Uvira kutafuta piesi za gari. Ulikuwa uongo wa kwanza aliompa mwanamke yule katika miaka minne ya ndoa, na aliusema akiwa amemgeuzia kisogo.

Kesho yake walivuka. Pale Gatumba askari walitazama makaratasi, wakafungua buti iliyobaki chuma kitupu, wakasoma ONGE, wakacheka. Tajudini alishindwa hata kutabasamu. Njia nzima alisikiliza injini, ile aliyoijua kama mtu anavyojua kikohozi cha ndugu yake, na njia nzima alijiuliza maswali mawili ambayo hayakuweza kukaa pamoja kifuani mwake. La kwanza: je, ni kweli yuko hai, alhamdulillahi? La pili: na akiwa hai, mimi ni nani?

Dative alimwonyesha mlango, karibu na msikiti mdogo, akaenda zake sokoni. Ndani kulikuwa na kitanda, jiko la mkaa na mtu mwembamba mwenye ndevu nyeupe aliyekuwa anachambua mchele kwa vidole, uso umeinuliwa juu kama asiyehitaji kutazama.

"Salamu alaykum," alisema Tajudini.

Mikono ikasimama juu ya ungo. Mtu yule hakugeuka.

"Alaykum salamu, Taju," alisema. "Kwa hiyo buti bado inavuja."

Tajudini alilia. Hakulia kwa heshima, alilia kwa sauti kubwa, mtu mzima wa miaka arobaini na nne, ameshikilia nguzo ya mlango. Na Amissi akaja akipapasa ukuta hadi akamfikia, wakashikana. Alikuwa mwepesi sana. Tajudini alihisi mbavu zake kupitia shati, kisha ghafla hasira ikampanda, akamsukuma.

"Miaka tisa! Tulikusomea hitima! Nilifunua maiti za watu, Amissi, nikitafuta sura yako!"

"Najua."

"Unajua nini we?"

Amissi alirudi akakaa kitandani, na akasimulia. Alisimulia haraka, bila kupamba, kama mtu aliyeyarudia maneno hayo peke yake mara nyingi. Asubuhi ile ya 1995 vijana wanne walimsimamisha. Wawili walikuwa na bunduki. Wakapakia watu watatu waliofungwa mikono, wakamwelekeza hadi kule mto Ruzizi unapokaribia ziwa. Wakamwambia ngoja hapa na usizime moteri. Wakawateremsha wale watatu, wakaingia nao kwenye matete.

"Mumoja alikuwa mwanamuke," alisema Amissi. "Aliniangalia mu kioo njia yote. Hakusema kitu. Nikasikia risasi ya kwanza inalia. Nikajua nikingojea nitakuwa wa nne. Nikaondoka, Taju. Niliwaacha nikaondoka."

Hakurudi mjini, kwa kuwa vijana wale walimjua: walikuwa wamemwita kwa jina, na mmoja alitaja avenue yake na mtoto wake. Alikata hadi mpakani akavuka. Kutoka Uvira alituma barua nyumbani kwa mkono wa mtu, na mtu yule hakufika. Mwaka uliofuata vita vikaingia Uvira nako, akakimbilia Fizi, kutoka Fizi akavuka ziwa hadi Kigoma. Gari aliliacha limefunikwa kwa majani ya migomba nyuma ya nyumba ya mjane mmoja, na aliporudi mwaka 1999 alilikuta na viota vya panya. Alitia betri na petroli. Likawaka.

"Likawaka?" Tajudini alijikuta anauliza, fundi ndani yake akiwa amesahau kila kitu kwa nukta moja.

"Mara ya tatu. Nililia kuliko siku nilipozaliwa."

"Na mwaka huo? Buja palikuwa pametulia kidogo. Kwa nini hukuja?"

Vidole tisa vya Amissi vilitafuta kitu kwenye shuka.

"Nilikuja," alisema. "Mwaka 2000, mwezi wa nne. Nilifika Gatumba. Nikakutana na mama mumoja wa Buyenzi anauza samaki, hakunitambua na hii ndevu. Nikamuuliza habari ya nyumba ya Amissi. Akaniambia, ah, yule marehemu? Bibi yake ameolewa na Tajudini fundi, ni miezi mitatu sasa, na mutoto amenona. Alisema vile, Taju: mutoto amenona. Nikageuza gari."

Tajudini alikuwa amekuja na hofu kwamba atapigwa, kwamba ataitwa mwizi. Hili hakuliwazia.

"Ulijua," alisema. "Miaka minne hii umejua."

"Ningekuja kufanya nini? Kumuondolea mutoto baba wa pili?"

"Na Dative? Kwa nini ukamtuma kwangu?"

"Sijui," alisema Amissi. "Wallahi sijui. Aliniuliza fundi muzuri, mudomo ukataja jina lako. Nilipomaliza kusema nilitaka kumukimbilia nimurudishie pesa yake. Lakini sikuona njia. Macho yangu inaona kivuli tu."

*

Tajudini alimwambia Saliha jioni hiyo hiyo, kabla hajavua viatu, kwa sababu alijua akivua hatasema. Alimwomba Assia amtoe Ilias nje. Kisha akasema kwa ufupi: "Amissi yuko hai. Nimemuona leo. Yuko Uvira."

Saliha alikuwa ameshika sufuria ya maharagwe. Hakuidondosha. Aliiweka chini polepole, akaifunika, akapangusa mikono, akakaa, akasimama, akakaa tena. Tajudini aliogopa kumgusa.

"Sema tena," alisema Saliha.

Alisema tena, akaeleza yote: kibao, kidole, matete ya Ruzizi, barua iliyopotea, Fizi, Kigoma. Alipofika mwaka 2000 na yule mama wa samaki, alisita, akataka kupaficha. Saliha akamwona.

"Apana. Usiruke. Sema."

Akasema. Na hapo ndipo mwanamke yule alipopiga ukelele mmoja uliomtoa mama yake, Mwavita, nyumba ya tatu. Mwavita aliingia mbio akidhani mtu amekufa. Alipoambiwa kwamba kuna aliyefufuka, alishika kichwa akakaa sakafuni.

"Alifika Gatumba!" Saliha alisema. "Safari ya teksi moja! Akasikia neno ya muuza samaki, akageuza. Na we, unaenda Uvira unaniambia piesi. Mi ndiye nilikaa na kitambaa cheupe kichwani. Mi ndiye nilimufundisha mutoto kumuombea. Nyinyi wawili munakaa kule munanigawana kama mulango wa gari ya ajali, huyu achukue, huyu aache. Nani ameniuliza mimi?"

Mwavita akainuka, akaanza kufunga nguo za watoto katika kanga.

Usiku ule alilala kwa mama yake pamoja na watoto. Asubuhi alikwenda mwenyewe kwa Shehe Idi, Tajudini akimfuata nyuma kama mshtakiwa. Shehe alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaivaa, akaivua tena. Miaka thelathini ya kufungisha ndoa, na hili alilijua katika vitabu tu.

"Mume wa kwanza akirudi," alisema, "ana hiari. Amchague mkewe, au amwache na arudishiwe mahari. Mpaka aseme, Tajudini, usiingie chumbani kwake."

Tajudini alihisi kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Jana asubuhi alikuwa mume.

"Na mimi, Shehe?" aliuliza Saliha. "Hiari yangu iko mu kitabu gani?"

Shehe aliivaa tena miwani. "Mwanamke anaweza kuomba talaka," alisema taratibu. "Na mume mwenye kumcha Mungu hamkatalii. Mleteni Amissi."

*

Dative ndiye aliyemleta, Ijumaa, katika Corolla ile ile. Alikuwa ameshaelezwa kila kitu na alilia njia nzima kwa habari za watu ambao wiki moja nyuma hakuwajua. Gari liliposimama avenue ya kumi na nne, habari zilikuwa zimetangulia. Watu walijaa ukutani, juu ya mapipa, madirishani. Na bado, mlango ulipofunguka na mtu yule mwenye ndevu nyeupe akaweka mguu chini, umati mzima ulirudi nyuma hatua moja, kimya kabisa. Kuna waliokuwa wamekula wali wa hitima yake. Mzee mmoja alianza kusoma shahada. Mwanamke mmoja alipaza sauti kwa mshangao: "Yampay'inka! Ni yeye!" na hapo ndipo kelele ilipofumuka.

Tajudini alimshika mkono akampeleka ndani kwa Mwavita. Uani walikuwa wamesimama watoto wengi. Amissi aliinamisha kichwa, akatafuta mbele ya nuru, akaona kivuli cha msichana mrefu aliyekaribia mlango. Akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono miwili.

"Assia," alisema. "Mama wangu. Nisamehe."

Msichana yule aliduwaa. Alikuwa binti wa jirani.

Kisha kutoka upande wa pili wa ua, karibu na pipa la maji, sauti ikasema: "Mimi ndiyo Assia."

Alikuwa anakaribia miaka kumi na mmoja. Alikuja mwenyewe, mikono yake imelowa, akasimama mahali ambapo nuru ingemwangukia usoni. Amissi hakumgusa. Aligeuza tu uso wake kulia na kushoto, jinsi mtu anavyotafuta pa kuchungulia kwenye kioo chenye ukungu.

"Uko murefu," alisema.

"Wanasema nimefanana na wewe," alisema Assia. "Mi sijui."

Mbele ya Shehe, mama yake na wanaume wawili, Saliha alisema aliyokuwa amekaa siku nne akiyafikiri. Alimwambia Amissi kwamba alimlilia kweli, na kwamba machozi hayo hayadai. Angekuja ile siku ya Gatumba, angemfungulia mlango na leo hii wangekuwa wanazungumza mengine. Lakini alipogeuza gari, alikuwa ameshamwacha, bila kutamka tu. "Sasa tamka," alisema. "Mbele ya watu. Mi sitaki kuachwa kwa kugeuza gari."

Amissi alitamka. Alisema vizuri, kwa ukamilifu, na hakutaka mahari irudishwe. Alipomaliza alibaki ameinamisha uso, na Tajudini, ambaye alipaswa kufurahi, hakufurahi. Alijiuliza angefanya nini kama neno lingekuwa jingine. Hajui mpaka leo.

"Na we usicheke," Saliha alimgeukia. "Nakaa eda yangu kwa mama. Ikiisha, kama bado unanitaka, utakuja kuposa kama mutu wa kawaida. Na mi nitasema ndiyo ao nitasema apana."

Alikaa. Miezi ile Tajudini alipitisha posho mlangoni kwa Mwavita bila kuvuka kizingiti, na aliona jinsi Ilias alivyomkimbilia na kurudishwa. Garajini aliacha kusimulia habari za Wajapani; wateja wakiuliza, alisema atasimulia kesho. Buti ya Dative aliifunga kwa bati jipya, akaipaka rangi mara tatu, na hakukubali malipo. Kile kipande cha kibao alikitoa, akasimama nacho mkononi asijue pa kukiweka. Callixte akamwambia akitupe. Akakitupa.

Amissi hakurudi Uvira. Alikaa kwa dada yake, mitaa miwili mbele. Daktari alisema jicho la kulia limekwenda, la kushoto bado laweza kushikwa libaki lilivyo. Kila Jumanne Assia alimwongoza hospitali. Mwanzoni alitembea hatua tatu mbele yake bila kusema. Baadaye alimpa bega.

Mwezi wa tisa Tajudini alipeleka posa. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi, akaketi na wazee wawili sebuleni kwa Mwavita, jasho likimtiririka kama kijana. Walimngojesha saa nzima. Kisha Mwavita akatoka chumbani, akajikohoza.

"Binti anauliza swali moja," alisema. "Anauliza: siku ile uliporudi kutoka Uvira, kama asingekuwa amekuona uso, ungemwambia habari ya yule mama wa samaki?"

Wazee walimtazama Tajudini. Aliangalia mikono yake.

"Apana," alisema. "Ningeificha."

Mwavita aliingia tena. Kupitia pazia walisikia kunong'ona, halafu sauti ya Saliha mwenyewe, si kubwa, lakini waliisikia wote.

"Muambie aingie," alisema. "Amejibu kweli."